Usiubebe Mkoba Peke Yako: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Habari ya safari yako nimeipata kwa kaka yako, tena baada ya tiketi kukatwa, na sitaficha kwamba jambo hilo limeniuma. Mama yako anasema ulisubiri mambo yote yakamilike ili nisipate nafasi ya kukukatalia. Kama ndivyo, ulinidhania vibaya, kwa sababu sikukatalii. Kukaa miezi sita Milan na Roma ukisoma majalada ya kifo cha Roberto Calvi, yule mwenyekiti wa benki ya Banco Ambrosiano ya Milan, na kuandika tasnifu juu ya namna kesi ya mauaji iliyokwisha kufungwa inavyoweza kufunguliwa tena, ni kazi ambayo mtu aliyekaa benki miaka thelathini na mmoja kama mimi angeitamani, laiti angekuwa na umri wako na lugha zako. Andiko lako la utafiti, alilonichapishia kaka yako, nimelisoma lote mara mbili. Ukurasa wa tisa nimeusoma mara nne, na huo ndio ulioninyima usingizi.

Umeandika humo kwamba utakusanya nakala za nyaraka wewe mwenyewe, utazitunza mwenyewe, na hutamwonyesha mtu yeyote hadi kazi imalizike. Hilo ndilo ninalokuandikia. Mengine yote katika barua hii unaweza kuyasoma ukiwa ndani ya ndege.

Unafahamu kuliko mimi kwamba Calvi alitoroka Italia Juni 1982 kwa pasipoti ya bandia, akapitia Trieste na Austria hadi London, na kwamba alikuwa na mkoba wa nyaraka ambao hakupenda kuuacha mbali na mkono wake. Asubuhi ya tarehe 18 alikutwa ananing'inia kwenye kiunzi cha mabomba chini ya Daraja la Blackfriars, vipande vya matofali vikiwa ndani ya nguo zake pamoja na fedha za nchi mbalimbali. Mkoba haukuwapo. Ulikuja kuonyeshwa kwenye televisheni ya Italia mwaka 1986, ukiwa umekwisha kupita mikononi mwa watu wengine, na tangu hapo hakuna mpelelezi anayeweza kuapa kwamba karatasi zilizomo ndizo zile alizoondoka nazo Roma. Mtu yule aliamini kwamba kwa kuwa siri zote ziko mkononi mwake, hakuna atakayethubutu kumgusa. Mimi naona kinyume chake: siri zilipokuwa mahali pamoja tu, palikuwa pamebaki kazi moja tu ya kuzinyamazisha. Sasa wewe, baada ya kuyasoma hayo yote, unaniandikia kwamba utazitunza mwenyewe.

Niruhusu nikusahihishe jambo jingine, kwa maana kuna mahali umemwandika Calvi kana kwamba alikuwa mtu safi aliyeonewa. Hakuwa safi. Mwaka 1981 alitiwa hatiani kwa kutorosha fedha nje ya nchi kinyume cha sheria, akahukumiwa kifungo cha miaka minne kilichoahirishwa, akakata rufaa, na akarudi kwenye kiti chake cha mwenyekiti wa Banco Ambrosiano kana kwamba alikuwa likizo. Huhitaji kumsafisha ili udai kwamba aliuawa. Aliyeuawa ameuawa, awe mwema au mwovu, na jalada lake linastahili kufunguliwa kwa sababu hiyo tu. Ukimpamba, watakaokupinga wataanzia hapo hapo kwenye mapambo.

Sura yako ya pili, ile ya fedha, imenipa fahari ambayo sikuweza kuificha mbele ya mama yako. Ukaguzi niliufanya maisha yangu yote, na bado kuna wakubwa wa benki waliokuwa juu yangu ambao wasingeweza kueleza vile ulivyoeleza: jinsi benki ya Milan iliyoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya Wakatoliki wa kawaida ilivyofungua matawi Luxembourg, Bahamas, Nikaragua na Peru, jinsi matawi hayo yalivyokopesha kampuni za Panama zisizokuwa na kitu zaidi ya jina na sanduku la posta, na jinsi fedha hizo zilivyorudi kununua hisa za benki ile ile ili bei isishuke. Shimo lilipofunuliwa lilikuwa la zaidi ya dola bilioni moja. Nakuomba hata hivyo urefushe sehemu ya zile barua za udhamini za Septemba 1981, ambazo Benki ya Vatikani iliandika kukiri kwamba kampuni zile ziko chini yake, huku Calvi akiwa ameiandikia barua nyingine ya siri kwamba haitadaiwa chochote. Umezipa aya moja tu. Mkaguzi anayekutana na barua mbili, moja ikifuta nyingine, huacha kalamu na kukaa kimya kwa muda, kwa sababu anajua kwamba waliotia saini walijua wanachokifanya. Mwaka 1984 benki hiyo ya Vatikani ililipa wadai zaidi ya dola milioni 220, ikisema inalipa kwa wajibu wa kimaadili na kwamba haikiri kosa. Msomaji ambaye hajaelewa barua zile mbili hataelewa malipo yale.

Sasa narudi kwenye ukurasa wa tisa. Wakaguzi wa Benki Kuu ya Italia waliingia Ambrosiano mwaka 1978 na kuandika ripoti nzito. Machi mwaka uliofuata Mario Sarcinelli, aliyekuwa akisimamia ukaguzi wa mabenki katika Benki Kuu, alikamatwa, na gavana wake, Paolo Baffi, akafunguliwa mashtaka pamoja naye, kwa tuhuma za shauri jingine ambazo baadaye zilifutwa zote. Ndipo nilipojifunza, nikiwa bado kijana kazini, kwamba anayehesabu anaweza kuhesabiwa. Katika mwaka huo huo, usiku wa tarehe 11 Julai, wakili Giorgio Ambrosoli, mfilisi wa benki iliyoanguka ya mfanyabiashara wa fedha Michele Sindona, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake Milan. Miaka minne kabla yake alikuwa amemwandikia mkewe kwamba kazi ile atailipia kwa gharama kubwa, na kwamba alilijua hilo kabla ya kuikubali.

Umemtaja Ambrosoli katika tanbihi tu, nami nadhani hapo umekosea, kwa sababu kesi yake ndiyo ya kulinganisha na ya Calvi. Ambrosoli alikuwa amemaliza kutoa ushahidi wake mbele ya maofisa wa mahakama waliotoka Marekani, akabakiza kutia saini tu siku inayofuata. Walikuwapo waliomsikia. Palikuwa na ofisa wa polisi wa fedha, Silvio Novembre, aliyefanya kazi bega kwa bega naye na kujua kila jalada liko wapi. Risasi zile zilimwondoa mtu lakini kazi yake ilibaki mezani, na Machi 1986 Sindona alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuyaagiza mauaji hayo. Calvi hakuwa na Novembre wake. Alikuwa na mkoba. Basi tafuta mtu wako huko Milan kabla hujafungua jalada la kwanza: awe msimamizi wako wa masomo, awe wakili, awe mtunza kumbukumbu wa mahakama, mradi ajue kila jioni umesoma nini na nakala yake imewekwa wapi. Nyaraka zikae sehemu tatu. Nimemwagiza kaka yako akuwekee utaratibu wa kuzituma nyumbani kila siku, na nitakuwa nikimuuliza.

Katika orodha yako ya waliokufa hukumweka Graziella Corrocher. Alikuwa katibu muhtasi wa Calvi, na tarehe 17 Juni 1982, siku moja kabla ya bosi wake kukutwa darajani, alianguka kutoka dirishani katika makao makuu ya benki, akiacha maandishi ya kumlaumu Calvi kwa madhara aliyowaletea benki na wafanyakazi wake. Ilielezwa kuwa alijiua. Nimemfikiria mama huyo kuliko nilivyowafikiria maaskofu na wakubwa wote wa kisa hiki. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga barua na kupokea simu, naye ndiye aliyeachwa ofisini na wenzake wakati mwenye siri anakwenda London. Mwandikie kurasa zake. Katika kila benki wapo watu wa aina hiyo, wanaojua kwa sababu karatasi hupitia mikononi mwao, na hakuna anayewauliza.

Katika tawi letu alikuwapo karani wa namna hiyo. Wewe ulimwita mjomba, na siku aliyoacha kuja nyumbani unaikumbuka, kwa hiyo sitaieleza. Ulichokuwa hujui ni kwamba kabla ya siku hiyo aliniletea kabrasha la hati za malipo akaniomba nikae na nakala yake. Nilimwambia alipeleke juu kwa utaratibu, naye akalipeleka, yeye peke yake na kabrasha lake moja. Utaratibu ulikuwa unasema hivyo hasa, ukitaka kufungua kitabu cha kanuni utaona. Mjane wake bado anakaa kule kule, na mama yako humtembelea.

Kuhusu sheria, mimi si mwanasheria, lakini naona hoja yako inahitaji kubanwa. Usiandike kwamba haki haikutafutwa. Baraza la kwanza la uchunguzi wa kifo huko London lilisema Calvi alijiua, la pili la mwaka 1983 likasema haiwezekani kuamua, na familia yake haikukubali kunyamaza. Mwili ukafukuliwa mwaka 1998, na ripoti ya wataalamu ya mwaka 2002 ikaeleza kwamba majeraha ya shingo hayakulingana na ya mtu aliyejinyonga na kwamba mikono yake haikuwa imeyagusa matofali yaliyokutwa katika nguo zake. Mwaka 2003 polisi wa Jiji la London wakaanza kuchunguza kama mauaji, miaka 21 tangu mtu afe, kamba, nguo na mashahidi vyote vikiwa vimechakaa. Watu watano wakashtakiwa Roma mwaka 2005 na wote wakaachiwa mwaka 2007. Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2010, Mahakama ya juu ikamaliza mwaka 2011, na uchunguzi mwingine ukafungwa mwaka 2016.

Waliofutiwa mashtaka wamefutiwa, na kwa sheria ya Italia hawawezi kushtakiwa tena kwa tendo lile lile. Nimeona umeandika sentensi mbili zinazowanyooshea kidole. Zifute. Kilichobaki wazi ni chembamba: mauaji yanayostahili kifungo cha maisha hayana ukomo wa muda nchini humo, na mwendesha mashtaka anaweza kumwomba jaji afungue upya uchunguzi uliofungwa pakiwa na haja ya kuchunguza jambo jipya. Kwa hiyo swali lako ni jipya lipi, nalo litatoka katika karatasi. Mashahidi wengi wamezeeka au wamekufa. Ukiipata karatasi hiyo, Mungu akujalie uipate, ndiyo siku ambayo sitaki uwe umekaa nayo peke yako katika chumba cha kupanga. Umenielewa? Siku hiyo hiyo, kabla hujala, iwe mikononi mwa watu watatu.

Mama yako anasema nimeandika mambo ya vifo mno kwa mtu anayeanza safari, na huenda ni kweli. Yeye anataka nikwambie kwamba baridi ya Milan si mchezo na kwamba sweta alilokushonea liko tayari. Paa la stoo limevuja tena mvua za mwezi uliopita, tumelazimika kuhamishia makasha yangu ya ofisini chumbani kwako, kwa hiyo usishangae ukikuta kitanda kimesogezwa. Yale makasha usiyafungue kwa sasa. Tutayafungua pamoja ukirudi, wewe ukiwa umejifunza huko namna jalada la zamani linavyosomwa. Ada ya mdogo wako ya muhula huu nimekwisha kuilipa, basi fedha ulizomtumia kaka yako kwa ajili hiyo nimemwambia akurudishie, utazihitaji kwa kodi ya nyumba. Shangazi yako anauliza kama utapita kumuaga. Pita, hata kwa saa moja.

Ule mkoba wa ngozi uliouacha umetundikwa nyuma ya mlango nimeupeleka kwa fundi, kwa sababu kamba yake ilikuwa imeanza kukatika mahali pa kushonea. Amesema utakuwa tayari Alhamisi. Weka humo pasipoti, dawa zako za pumu na sweta la mama yako.

Ni mimi baba yako.