Kaka, ukungu ulikuwemo kitabuni

Kaka,

Simu zangu hupokei tangu Januari. Shemeji ameniambia huku mtandaoni bado unapita kusoma, basi nakuandikia huku.

Naanza na lile la ukungu, uliposema haumo kwenye kile kitabu cha Doctor Who, kipindi cha BBC cha yule msafiri wa wakati na kibanda chake, maana ndilo linaloninyima usingizi. Ukungu ulikuwemo. Nimekitoa kitabu kwenye sanduku la mama, kilekile kisicho na jalada, nikasoma mwanzo wake mara tatu. Ian anaendesha gari usiku, kule Barnes, London, ukungu umetanda, na Barbara anamtokea gizani baada ya gari lake kugongana na lori. Ni kwenye televisheni ndiko mambo yanakoanzia shuleni, walimu wawili, Ian na Barbara haohao, wakimfuata mwanafunzi wao Susan hadi kwenye yadi ya vyuma chakavu. Aliyeubadilisha mwanzo huo kitabuni ni David Whitaker, na huyo alikuwa mhariri wa hadithi wa kipindi chenyewe, Doctor Who. Mwanzo wa kwenye televisheni aliujua kuliko mimi na wewe. Lakini kitabu chake cha 1964 kilichukua kisa cha Dalek, wale viumbe wakatili wanaoishi ndani ya mashine, ambacho kilikuwa cha pili kuonyeshwa, na msomaji alikuwa bado hajakutanishwa na watu hawa. Akawakutanisha upya, kwa namna yake, na kisa chote akampa Ian akisimulie. Na yule mkuu wa Dalek aliye ndani ya kioo, uliyemwambia mwanangu kwamba nimemtunga? Yumo. BBC hawakumwonyesha, lakini kitabuni yumo.

Haya yote ulikuwa unayajua. Wewe ndiye uliyenisomea.

Ulikuwa kidato cha pili, mimi la tatu, na kitabu alikuachia yule mwalimu Mzungu aliporudi kwao. Koroboi moja, mafuta ya kupimiana. Unasoma mstari kwa Kiingereza, unanyamaza kidogo, kisha unautoa kwa Kiswahili. Uliponiona sielewi Barnes ni wapi ukasema, "Ni ukungu wa mwezi wa saba, ule unaoshuka mpaka huoni mgomba ulio mbele yako." Nikaelewa papo hapo. Lori ukaliweka pale kwenye kona ya kushukia mjini, na hadi leo nikipita pale napunguza mwendo.

Kipindi chenyewe tungekiona wapi? Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Waingereza walikinunua kitabu wakumbuke walichokwisha kukiona. Sisi hatukuwa na cha kukumbuka, kitabu ndicho kilichokuwa kipindi. Hata kwao, BBC walifuta kanda nyingi za miaka ya 1960 ili wazirekodie mambo mengine. Kisa cha Marco Polo cha 1964 kilikuwa na sehemu saba, zikafutwa zote saba. Mwandishi wake, John Lucarotti, alikuja kukiandika kitabu miaka ishirini baadaye. Hebu niambie, mtoto aliyekijua kisa kile kwa kukisoma tu, naye ni mwongo?

Sasa lile la Desemba.

Kurasa za mwisho hazikuwepo tangu tunakipata kitabu. Wewe ukatunga mwisho. Ukasema Ian alishuka kwenye kile kibanda, akatembea kwenye ukungu mpaka kwao, akakuta mama yake amemwachia taa inawaka. Mama yetu alikuwa jikoni anasikiliza, akauliza, "Alikuta chakula?" Ukamjibu, "Alikuta, mama."

Mwisho huo ndio niliowasimulia watoto jioni ile, siku ya pili baada ya kumzika mama. Walikuwa wanalia, hawataki kulala, nyumba imejaa watu, na mimi sikuwa na kingine cha kuwapa. Ukatoa simu. Ukawaonyesha kile kipindi, ukasogeza mbele hadi mwisho, ukasema mbele ya wajomba na wakwe, "Hakuna mama yeyote humu. Baba yenu mdogo anawadanganya." Ukacheka, kaka.

Ninachokuomba ni kidogo: usimsahihishe mtu mbele ya watoto wake. Mvute pembeni. Mimi nimekuvutia pembeni mara ngapi? Ulipokosea majina ya ukoo kwenye mahari ya dada, nilikunong'oneza. Uliposema hela ya dawa ulikuwa ukituma kila mwezi, nilinyamaza kabisa, na daftari ninalo. Sikulitoa. Nililisema lile moja tu, kwamba mama alipoumwa hukuwepo, na nililisema kwa sababu ulicheka. Wanasema nilipaza sauti. Nilipaza, ndiyo. Nilikuwa nimelala kwenye benchi la hospitali usiku kumi na moja.

Lakini najua pia kwamba viatu vyangu vya kwanza vya sekondari ulinunua wewe, kwa mshahara wako wa kwanza, na ukatembea navyo kutoka stendi mpaka Kibosho kwa sababu nauli ilikuwa imekwisha. Siwezi kukuchukia. Nimejaribu tangu Krismasi.

Labda hukuwa unanicheka mimi. Labda ulisikia mwisho wako mwenyewe unasimuliwa na mtu mwingine, na mama yuko chini ya migomba siku mbili tu, ukashindwa kuvumilia. Kama ni hivyo, ungesema. Tungelia wote, watu wangeelewa.

Mwisho wenyewe wa kitabu sijautafuta, na sitautafuta. Kitabu nimekirudisha sandukuni, nimekifunga kwa khanga yake ya bluu.

Ila juzi mwanangu aliniuliza jambo, nikakosa jibu. Ulipomwambia mama kwamba Ian alikuta chakula, ulitaja ni chakula gani? Mimi nakumbuka ndizi na maharage, lakini huenda hicho ndicho tulichokula sisi usiku ule. Nijibu hilo tu.