YAH: Kufunga muhula wa kwanza, na akina mama waliotufundisha

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Tunafunga muhula wa kwanza wiki hii. Ripoti za maendeleo mtazichukua kwa walimu wa madarasa, na mwalimu wa taaluma atazieleza kwenye mkutano wa kufungua shule. Mimi naandika juu ya siku moja ya muhula huu, kwa sababu siku hiyo imenipa fahari kubwa na pia uchungu ambao haujanitoka.

Mnakumbuka kwamba katika wiki ya Siku ya Wanawake Duniani, Machi 8, tuliwaalika shuleni akina mama watano wa mitaa hii ya katikati ya mji wetu wa Mtwara. Hatukutafuta wageni wa mbali. Wanafunzi wa Darasa la Tano hadi la Saba ndio waliowachagua, baada ya kuombwa waandike jina la mwanamke ambaye asipoonekana mtaani kwa wiki moja watu watahangaika. Wakatuletea majina ya watu tunaopishana nao kila asubuhi: muuguzi mkunga aliyestaafu, kiongozi wa kikundi cha kuzoa taka, mchuuzi wa samaki wa Feri ambaye ni mweka hazina wa kikoba kilicholipia sare za watoto wengi humu shuleni, kungwi mnayemfahamu wote, na mpishi wetu wa uji. Majina yao yamo kwenye ubao wa matangazo na yatabaki hapo.

Mkunga alikuja na kile chombo cha mbao chenye umbo la tarumbeta, ambacho kwa miaka mingi alisikilizia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Alimwita mwanafunzi mmoja wa Darasa la Sita, akamwekea sikio kwenye upande mwembamba na upande mpana kifuani mwa mwenzake, na ukumbi mzima ukakaa kimya mpaka mtoto yule alipotamka, "Nausikia!" Kisha akauliza ni wangapi waliozaliwa mikononi mwake. Mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi, na miwili kati yake ilikuwa ya walimu wangu.

Mwalimu wa Historia naye aliwaeleza watoto habari za Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, na jinsi ambavyo kuanzia mwaka 1955 aliwaingiza wanawake wa mitaani katika TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kwa kupitia vikundi vyao vya ngoma, watu ambao wasomi wa wakati ule hawakuwahesabu. Niliona inafaa watoto walisikie jambo hilo huku mbele yao wameketi wanawake wenye vikundi vyao.

Sasa nasema lililoniudhi. Kiongozi wa kikundi cha taka alipokuwa akieleza kwamba, ingawa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, yeye na wenzake bado wanaitoa mitaroni kila masika, ili maji yasirudi kwenye vyoo na visima na kutuletea kipindupindu, baadhi ya wavulana wa Darasa la Saba walioketi nyuma walijiziba pua na kumwita "mama jalala". Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akaendelea hadi mwisho bila kuinua sauti. Wavulana hao tumewaonya kwa maandishi na wamemwomba radhi mbele ya shule nzima. Hilo limekwisha. Ambalo halijakwisha ni la baadhi ya baba zao, ambao niliwaita ofisini wakaniambia kwamba ule ulikuwa utani wa watoto. Utani una watu wake na una adabu yake. Mtoto hana utani na mtu mzima anayezoa taka za nyumbani kwao. Mtoto asiyesikia nyumbani neno la dharau juu ya kazi ya mtu haji nalo shuleni. Wazazi ambao hawajaitika wito wangu nawataka wafike kabla ya Ijumaa, na watoto wao hawatapokelewa muhula wa pili wasipoongozana na mzazi.

La pili ni utoro, ambalo kungwi wetu alilisema vizuri kuliko mimi. Alisimama akatangaza kwamba hampokei mwali yeyote kabla shule haijafungwa, na kwamba mwali wake anatoka ndani kabla shule haijafunguliwa. Mimi ni mtu wa huku, wala sipingi unyago na jando. Lakini mwaka jana tulifungua shule Julai na madawati ya wasichana yakakaa wazi kwa wiki nzima, wengine zaidi, kwa sababu sherehe zilipangwa kwa kufuata upatikanaji wa fedha na wageni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto aliyeandikishwa anahudhuria hadi amalize. Safari hii orodha ya wasiofika nitaipeleka kwa mtendaji wa kata siku ya tatu. Mkipanga sherehe, mshirikisheni kungwi huyu.

La tatu ni uji. Serikali ilianza mpango wa elimu bila ada Januari 2016, lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki kuwa wajibu wetu, na ninyi wenyewe mlipitisha mchango huo mkutanoni kwa kunyoosha mikono. Nusu ya familia hazijautoa. Mpishi wetu, ambaye watoto wenu walimwandika kwa wingi kuliko mtu mwingine yeyote, anawasha kuni kabla ya alfajiri na hajalipwa posho yake tangu Aprili. Anaendelea kupika kwa sababu, kama alivyoniambia, hawezi kuwaona watoto wakisinzia darasani kwa njaa. Haiwezekani tukampigia makofi Machi kisha Juni tukamdhulumu jasho lake. Mwenye shida ya kweli aje tuzungumze, hata akitoa mahindi kidogo kidogo tutayapokea. Mwenye uwezo amalizie deni kwa mwalimu wa chakula kabla ya kuchukua ripoti.

Sare zifuliwe, na madaftari ya kazi za likizo yarudi yakiwa yamejazwa.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu