Maneno chini ya picha ya binti wa jirani

Mhariri,

Nina kabini ya simu hapa Katuba, Lubumbashi. Nauza yunite za kupigia simu na mega za intaneti, naweka na kutoa pesa za watu, na umeme ukikatika nachaji simu zao kwa betri ya sola. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo kikuu, kwa hiyo shindano lao la mwezi uliopita lilipita mbele ya macho yangu, noti kwa noti.

Lilikuwa shindano la kumtafuta Miss wa chuo. Kila fakilte, yaani kitivo, ilitoa binti wake, picha zikawekwa Facebook, na kila laiki ikahesabiwa kura. Wiki ya kwanza ilikuwa vicheko vitupu. Wiki ya pili waandaaji wakaleta kura za pesa: tuma franka 500 kwenye namba fulani, mgombea wako anaongezewa kura kumi. Tangu hapo vijana wa uhandisi na wenzao wa udaktari wakawa wanakuja kwangu kwa makundi, mmoja ameshika daftari lenye majina ya waliochanga na wasiochanga. Kijana mmoja aliweka franka 20,000 za silabusi, vile vitini vya masomo. Najua zilikuwa za silabusi kwa sababu mama yake alizituma asubuhi ile ile kutoka Kasumbalesa, akanipigia simu kuuliza kama mwanawe amekwisha kuzichukua. Usiku wa Alhamisi nilifunga saa tano, na nilipata faida. Sifichi.

Waliokosa pesa walifungua akaunti za majina ya uongo, mtu mmoja akaunti ishirini. Kisha zikaanza kuingia laiki za watu ambao majina yao si ya Kongo, si ya Zambia, si ya popote tunapopajua. Mwanangu, aliye mwaka wa pili, alinieleza kwamba laiki nazo zinauzwa, kama mimi ninavyouza mega. Aliyelala akiongoza aliamka wa tatu. Kila upande ukauita upande wa pili wezi.

Hayo yote ningeyaacha yapite. Ninaloandikia ni jingine.

Mgombea wa udaktari ni binti wa jirani yangu. Amezaliwa Katuba, mama yake anauza unga wa mahindi sokoni, na babu yake alikuja kutoka eneo la Kasai kufanya kazi enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, akazikwa hapa hapa. Usiku ule wa Alhamisi, alipopanda kuwa wa kwanza, mtu aliandika chini ya picha yake: "Hatutaki bilulu." Mwingine akarudia. Mwingine akaongeza: "Treni ya Kasai iko wapi?" Nilisoma kwenye simu ya mwanangu, nikahesabu neno bilulu mara 43, kisha nikamrudishia simu yake.

Walioandika wana miaka ishirini, na nadhani wengi waliona ni utani wa fakilte na fakilte. Bilulu ni wadudu. Kila mtu wa Lubumbashi anajua. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa Likasi, baba yangu akiwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na nilisikia neno hilo likiimbwa barabarani. Mkoa wetu wakati huo uliitwa Shaba. Agosti 1992, kule Kinshasa, Mkutano wa Taifa ulipiga kura, Étienne Tshisekedi wa Kasai akawa waziri mkuu mahali pa Nguza Karl-i-Bond wa kwetu. Kura ilipigwa mbali, na walioilipia walikuwa majirani zetu wenye asili ya Kasai, hao walioitwa bilulu. Nyumba zilichomwa. Maelfu kwa maelfu ya watu walikimbilia stesheni ya Likasi, wakalala pale juu ya magodoro yao, katikati ya masufuria, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Watoto walikufa pale kwa magonjwa. Rafiki yangu tuliyekaa naye benchi moja shuleni alikuwa stesheni na mama yake. Mama yangu alinituma mara mbili nimpelekee bukari, yaani ugali, nimeifunika kwa kitenge ili watu wasione ninampelekea nani. Mara ya tatu sikumkuta. Mwaka uliofuata ikawa Kolwezi.

Ijumaa asubuhi binti wa jirani alijiondoa. Alikuja kabini akilia, akaniomba nimsaidie kuyafuta yale maneno, kana kwamba mwenye kabini ana ufunguo wa Facebook. Tuliwaandikia waandaaji pamoja. Walijibu kwamba mabishano yanaleta watu kwenye ukurasa, na kwamba pesa alizochangiwa hazirudi. Jumamosi wakatangaza mshindi mwingine.

Nyumbani kwao yuko nyanya yake, ambaye sote mtaani tunamwita kaku. Hajui kusoma. Alipomwona mjukuu halali alimlazimisha amsomee kilichoandikwa. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusema kitu, akatoa sanduku chini ya kitanda na kuanza kukunja vitenge vyake. Mama wa binti alimweleza kwamba ni mambo ya shule tu, mambo ya vijana na simu zao. Kaku alimjibu kwamba hata mara ile waliambiwa ni mambo ya vijana.

Nawaomba waandaaji, ambao najua wanasoma gazeti hili: futeni maneno hayo leo, maana picha bado ipo na yapo chini yake. Mkiandaa tena, pigeni kura ndani ya oditwari, ule ukumbi wa masomo, kila mtu na kadi yake ya mwanafunzi mkononi, uso wake ukionekana. Wakuu wa chuo waulizwe pesa zile zilikwenda wapi. Na wewe mzazi mwenzangu unayetuma minerval, yaani ada ya chuo, keti na mwanao, mwambie bilulu ilikuwa nini. Mwanangu hakuwa anajua. Hilo ni kosa langu, nililikalia kimya miaka yote kwa sababu linaniuma.

Nimebandika karatasi kwenye kabini: kura za mashindano haziwekwi hapa. Vijana wawili wamekwisha kuisoma na kwenda kabini ya pili. Jana jioni nilipita kumsalimu kaku. Sanduku liko karibu na mlango, limefungwa kwa kamba.

Mama wa kabini,
Katuba, Lubumbashi