Barua ya wazi kwa mabinti mawakili: someni hukumu zao

Binti zangu,

Juzi mlinialika kwenye hafla yenu hapa Mombasa. Mlikuwa mmetundika bango lenye picha za majaji wanawake wa Mahakama ya Juu, mkapanga foleni kupiga picha mbele yake. Hilo halikunikera. Kilichonikera ni mmoja wenu kushika kipaza sauti na kusema kwamba mwaka 2023 mahakama hiyo ilimnyima mwanamke nusu yake ya mali ya ndoa, na ukumbi mzima ukaguna kumuunga mkono. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama ameisoma hukumu yenyewe.

Ni kesi ya JOO dhidi ya MBO, herufi zinazoficha majina ya mume na mke, Januari 2023. Mahakama ilisema usawa ulioko katika Kifungu cha 45(3) cha Katiba haugawi mali nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe mchango wake, na kulea watoto na kutunza nyumba ni mchango. Kisha ikamwachia yule mama nusu yake! Magazeti yalichukua sehemu ya kwanza, nanyi mkaibeba hivyo hivyo.

Naumia kwa sababu nimekuwa mkalimani wa mahakama miaka mingi. Mama mmoja simsahau. Alifungua pindo la leso pale kizimbani akatoa risiti za mabati, zimekunjwa mara nne, wino umefifia. Wakili wa mume akamuuliza, "Mbali na hizi, ulichangia nini?" Akanyamaza. Alikuwa amelea watoto, amelima shamba, amemuuguza mama mkwe hadi akafa, na wakili wake hakuwa amemwambia kwamba hayo yote husemwa mahakamani. Mimi kazi yangu ilikuwa kufasiri, na kimya hakifasiriki. Kesho mama kama huyo atabisha mlango wako. Utamwambia hana chake kwa kuwa uliona kichwa cha habari?

Mnapowataja waliotangulia, msiishie kwenye neno "wa kwanza". Effie Owuor aliingia Mahakama Kuu mwaka 1982, jaji wa kwanza mwanamke nchini. Kalpana Rawal alikuwa na ofisi yake ya uwakili tangu miaka ya sabini, kabla ya kuwa Naibu Jaji Mkuu. Njoki Ndung'u aliisukuma Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 akiwa bungeni, kabla ya kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Martha Koome akawa Jaji Mkuu mwaka 2021.

Na mjifunze kutofautiana. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais, Philomena Mwilu, Naibu Jaji Mkuu wakati huo, alikuwa upande wa majaji walio wengi. Njoki alikataa, akazipitia fomu za matokeo mwenyewe na kuandika hukumu ndefu ya kupinga. Wanawake wawili, benchi moja, kila mmoja na sababu zake. Oktoba hiyo, mkesha wa kesi nyingine ya uchaguzi, dereva wa Mwilu alipigwa risasi. Mnaotamani kiti kile, jueni bei yake.

Nancy Baraza naye msimfiche. Alikuwa Naibu Jaji Mkuu wa kwanza chini ya Katiba mpya, akajiuzulu mwaka 2012 kufuatia mzozo na mlinzi wa kike wa jengo la maduka. Msalimieni askari wa getini.

Lakini lawama si zenu peke yenu. Katiba ya 2010 ilisema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya umma. Mahakama ya Juu yenyewe ilifikisha wanawake watatu kati ya majaji saba mwaka 2021. Bunge limeshindwa kulitimiza hilo hadi leo, hata baada ya Jaji Mkuu Maraga kushauri livunjwe mwaka 2020. Hao hao wabunge ndio wa kwanza kupanda jukwaani siku ya wanawake.

Hukumu zote ziko kwenye tovuti ya Kenya Law, bure. Anzeni na hiyo ya 2023, msome mpaka amri za mwisho. Aliyeshika kipaza sauti siku ile, nyumba yangu unaijua, mwanangu. Njoo nayo tuisome pamoja.