Kabla hujanunua rangi, tafuta maji

Masika yakishika, simu zetu hulia kwa swali moja: "Fundi, mnayo ile rangi ya kuua ukungu?" Ipo. Kariakoo imejaa, ya kila bei. Ila kwetu haishuki kwenye gari mpaka tujue maji yanatoka wapi. Ukungu wa alfajiri ni maji yaliyoning'inia hewani, na huu wa ukutani unaishi kwa maji hayohayo. Waliovipa vitu hivi viwili jina moja walishaona.

Mbegu za ukungu zipo kila nyumba, hata ile inayodekiwa mara mbili kwa siku. Zinapeperuka na vumbi, hazionekani. Chakula zinacho tayari: karatasi ya jipsamu, mbao, ngozi ya viatu, mabaki ya sabuni. Zinachosubiri ni kitu kilowe kisikauke kwa siku moja au mbili. Basi.

Mimi nililijua hili kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipaka chumba cha mama mmoja huko Mbezi. Nikasugua, nikapiga jiki, nikamaliza na rangi ya bei mbaya. Wiki 6 baadaye akanitumia picha: doa lilelile, mahali palepale. Nikarudi kupaka bure. Likarudi nalo. Mara ya tatu niliacha ndoo nyumbani, nikaja na fundi bomba. Upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na bafu la masta, na grauti, ile saruji ya kuziba katikati ya vigae, kwenye kona ya shawa ilikuwa imepukutika kiasi cha kuingiza ukucha. Kila aliyeoga alikuwa anaunywesha ukuta wa chumbani. Kuziba kulichukua nusu siku. Mama wa watu hakugomba, alisema tu: "Kumbe mwanangu, ulikuwa unayapaka maji rangi."

Doa liko wapi?

Siku hizi tukiingia ndani tunaangalia kwanza urefu wa doa kutoka sakafuni. Likiwa chini, usawa wa magoti hadi kiunoni, na rangi imevimba na kubanduka kama ganda la kitunguu, mara nyingi maji yanapanda kutoka ardhini. Hiyo ni kawaida sana Mikocheni, Msasani na nyumba nyingi za bondeni, ambako ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Huenda nailoni ya msingi, ile ya kuzuia maji yasipande, haikuwekwa, au iliwekwa, halafu miaka baadaye mwenye nyumba akapandisha uwanja kwa kifusi na vitofali vya kupendeza mpaka ardhi ya nje ikapita usawa wa sakafu ya ndani. Uwanja umependeza, ukuta umeanza kunywa. Dawa hapo ni kushusha udongo ulioegemea ukuta na kuyapa maji ya mvua njia ya kutoka. Kopo la rangi halina kazi.

Likiwa juu, kwenye dari, lina rangi ya chai na mduara wenye ukingo, panda kwenye bati. Mara nyingi ni mpira wa msumari uliokauka, au gata lililojaa majani ya mwembe.

Likiwa chini ya dirisha, nakuomba uiname uangalie reli ya yale madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Kuna vitundu vidogo upande wa nje, kazi yake ni kutoa maji ya mvua yaliyoingia kwenye reli. Nimeshavikuta vimejaa mchanga, na nimeshavikuta vimezibwa kwa silikoni na fundi aliyedhani anasaidia. Reli ikijaa, maji yanamwagikia ndani. Njiti ya kiberiti inatosha kuvizibua.

Wengine wanatuita kwa ukungu ambao si ukungu. Ukiona unga mweupe, kama pamba laini, umetoka kwenye plasta, unyunyizie maji. Ukiyeyuka na kupotea, hiyo ni chumvi, iliyokuja na mchanga au na maji ya ardhini. Jiki haiiwezi. Lakini nayo inakwambia kwamba kuna maji yanayopita humo.

Pale tusipoelewa, tunafanya jaribio la nailoni. Kata kipande cha nailoni ngumu ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipite hewa, kiache siku mbili. Maji yakionekana nyuma ya nailoni, yanatoka ndani ya ukuta. Yakionekana juu yake, upande wa chumba, ukuta hauna kosa. Maji hayo mnayatengeneza wenyewe humo ndani.

Maji tunayoyatengeneza wenyewe

Hapa ndipo wateja hunibishia. Chukua gesi ya kupikia. Kila kilo ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Mtungi wa kilo 6 ukiisha, umeshamwaga hewani lita 9 hivi, nje ya mvuke wa maharage yenyewe. Ongeza nguo zilizoanikwa sebuleni kwa sababu nje kunanyesha, na madirisha yaliyofungwa kwa kuogopa mbu. Nyumba za zamani zilikuwa na matofali ya matundu juu ya milango na madirisha, hewa inapita usiku kucha. Tukayaziba ili kiyoyozi kishike.

Na kiyoyozi nacho kina mambo yake. Kikifanya kazi vizuri kinakausha hewa. Ila ukikiweka nyuzi 18, kuta zinapoa mno, halafu asubuhi unakizima na kufungua mlango. Hewa ya Dar ya mwezi wa nne inaanza kutoa jasho ikigusa kitu chenye nyuzi 23 au 24. Ukuta wako unakuwa kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Weka 25, usafishe chujio, na kabati livute kutoka ukuta wa nje angalau upana wa kiganja. Nyuma ya kabati lililobanwa ukutani ndiko tunakokuta mengi: mikoba yenye manyoya ya kijani, suti ya harusi, vyeti vya shule vilivyonata. Kuna mteja tulimsogezea kabati tu, hatukumuuzia kitu.

Mkaa kwenye kabati? Unapunguza uvundo kidogo. Kwa unyevu wa chumba kizima ni kama kukausha uwanja kwa leso.

Kuondoa

Kama eneo ni dogo, halizidi mita moja kwa mita moja, unaweza mwenyewe. Vaa glavu na barakoa, fungua madirisha, funga mlango wa kwenda vyumba vingine. Lowanisha kwanza. Ukilisugua doa kavu, unazipeperusha mbegu nyumba nzima, na hilo ndilo kosa tunaloliona zaidi. Sugua kwa maji ya sabuni, futa, kausha kwa feni.

Kwenye vigae na sinki, jiki inafaa: kikombe kimoja kwa lita 4 za maji. Usiichanganye kamwe na siki wala na dawa ya choo yenye asidi, inatoa hewa ya sumu. Kwenye plasta, jiki inang'arisha uso tu. Doa linapauka, maji yake yanaingia ndani, mizizi inabaki. Hapo inabidi kukwangua rangi iliyolegea mpaka plasta, kupaka dawa ya kuua ukungu, kuacha ukuta ukauke kabisa, ndipo puti na rangi. Palipopigwa plasta mpya tunasubiri wiki 4. Jipsamu iliyolowa na godoro la sponji lililoota ukungu, tupa. Mwenye pumu na mtoto mchanga wasiwepo siku ya kazi. Shirika la Afya Duniani lilishaandika mwaka 2009 kwamba nyumba zenye unyevu zinaendana na pumu na matatizo ya kupumua. Rangi ya ukungu, mweusi au wa kijani, haikwambii ukali wake. Wote unaondolewa.

Neno moja kwa wenye nyumba za zamani za mawe na chokaa, Unguja Mji Mkongwe, Bagamoyo na kwingineko: msikubali fundi azipige plasta ya saruji na rangi ya mafuta. Kuta zile zinapumua. Maji yanaingia na kutoka, na chokaa yenyewe ni kali, ukungu hauipendi. Ukizifunika kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea na jiwe linaanza kuoza kwa ndani. Kazi hizo tunazifanya kwa chokaa, na tunachelewa kwa makusudi.

Ukitaka tuje, tutumie picha mbili kwa WhatsApp: moja ya doa kwa karibu, nyingine umesimama mlangoni ili tuone ukuta mzima na kilicho upande wa pili. Tuandikie pia doa lilianza lini, na kama linakua hata siku ambazo hakunyeshi. Kukagua ndani ya Dar hatutozi. Aprili na Mei tunakagua, tunaziba na kuzibua, lakini hatupaki. Rangi ni kuanzia Juni, kusi likishakausha kuta. Anayetaka kupakiwa wiki hii kwa sababu ana wageni wa Pasaka, tunamwomba radhi mapema.