Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mfumo wa Linux Usio na GCC wala glibc

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulituagiza tujenge mfumo wa majaribio wa Linux usiobeba GCC (kompaila ya GNU) wala glibc (maktaba ya C ya GNU). Mfumo huo sasa unawaka, tena unaweza kujijenga upya kutoka kwenye msimbo wake. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ni Clang ya mradi wa LLVM; linka, inayounganisha vipande kuwa programu moja, ni lld; maktaba ya C ni musl na ya C++ ni libc++.

Kazi kubwa ilikuwa kufungua fundo la mwanzo: maktaba haijengwi bila kompaila, na kompaila haitoi programu kamili bila maktaba. Mpangilio uliofaa huanza na hedi (faili za matangazo ya fanksheni) za kerneli, yaani kiini cha Linux (`make LLVM=1 headers_install`; programu ya kunakili faili rsync iwepo), zikafuata hedi za musl, kisha sehemu ya builtins (fanksheni saidizi ambazo kompaila huziita yenyewe) ya compiler-rt, inayoshika nafasi ya libgcc, maktaba saidizi ya GCC. Baada ya hapo musl yenyewe, ndipo libunwind na libc++abi, ambazo libc++ inazitegemea, na libc++ yenyewe zijengwe pamoja kwa `LIBCXX_HAS_MUSL_LIBC=ON`. Kwenye compiler-rt, CMake (programu ya kuandaa ujenzi) hujaribu kuunda programu kamili, hukosa maktaba ya C, na husimama ikidai kompaila ni mbovu. Kompaila ni nzima. Weka `CMAKE_TRY_COMPILE_TARGET_TYPE=STATIC_LIBRARY`, kazi iendelee.

Clang ya mwisho ipewe chaguo hizi, ili itumie zana zetu bila kuambiwa: `CLANG_DEFAULT_RTLIB=compiler-rt`, `CLANG_DEFAULT_UNWINDLIB=libunwind`, `CLANG_DEFAULT_CXX_STDLIB=libc++` na `CLANG_DEFAULT_LINKER=lld`. Kagua kila kilichotoka kwa `readelf -d`, inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji. Ukiona libgcc_s au libstdc++, ambazo ni maktaba za GCC, umevuta kitu cha mfumo mwenyeji, yaani ule unaojengea. RAM ikiwa ndogo, `LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1` huzuia ujenzi kuuawa katikati.

Kerneli ya x86_64 (vichakataji vya Intel na AMD) inahitaji maktaba ya libelf kwa ajili ya objtool, zana yake ya kukagua msimbo uliojengwa. libelf hutoka kwenye elfutils, na elfutils inataka maktaba ndogo za argp, fts na obstack, ambazo musl haina. Zote tatu zijengwe kando kwanza.

Kasoro inayostahili tahadhari kuliko zote ni ya steki, yaani kumbukumbu ya muda ya kila thredi (mkondo wa utekelezaji ndani ya programu). Thredi ya musl hupewa steki ya KiB 128, wakati kwa glibc kwa kawaida hupata MiB 8. Programu inajengwa bila onyo lolote, inafanya kazi, halafu inaanguka siku data inapokuwa nzito. Msikimbilie kurekebisha msimbo: ongezeni `-Wl,-z,stack-size=1048576` wakati wa kulinki. Pia, tangu Clang 16, kuita fanksheni isiyotangazwa ni kosa, kwa hiyo skripti za zamani za configure, zinazopima mfumo kabla ya ujenzi, hudhani kitu hakipo kumbe kipo. Someni config.log, kumbukumbu ya majaribio yao, kabla ya kulaumu musl.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba idhini ya kujenga kwa aarch64 (vichakataji vya ARM vya biti 64). Huko `long double`, aina ya namba za desimali, ina biti 128 na hesabu zake hufanywa na builtins, hivyo printf ya musl haiwezi kulinkiwa bila compiler-rt. Mpangilio uliokosewa, ambao x86_64 ingeuvumilia, huko utaonekana mara moja.