Msimfukize udi kasuku aliyebadilika harufu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wenzangu wanaofuga kasuku, hapa Unguja na kule Pemba, juu ya jambo ambalo wengi hulimaliza kwa chetezo. Kasuku akianza kunuka, mwenye nyumba hutia udi, hunyunyiza pafyumu karibu na tundu, au humkosha ndege kwa sabuni ya kuogea. Kwa saa moja nyumba inanukia. Dalili imefichwa, tena kwa moshi ambao wenyewe unaweza kumuua ndege.

Kasuku mzima hanuki, lakini harufu anayo. Yule wa kijivu ana manyoya madogo karibu na ngozi ambayo ncha zake humomonyoka na kuwa unga mweupe. Ukimpapasa, vidole hubaki kama vilivyoshika poda. Harufu yake ni ya vumbi kavu, safi, haichomi pua. Wale wa kijani wa Amazon hunukia zaidi, harufu tamutamu yenye kukaribia miski. Wa kijivu ana tezi ya mafuta juu ya shina la mkia, na ndiyo unayomwona akiichokoa kwa mdomo kabla ya kujichambua. Wa Amazon hana tezi hiyo, kwa hiyo usiitafute ukadhani ndege wako ana upungufu. Kasuku wadogo wa rangirangi hawana harufu ya kusema. Ndiyo maana ndege wako halinganishwi na wa jirani. Hulinganishwa na yeye mwenyewe wa juzi na jana.

Kunusa kwenyewe kuna utaratibu. Fanya asubuhi, kabla hujampa chakula, kabla jiko halijawashwa, na wewe hujajipaka manukato. Pua huzoea haraka: aliyelala chumba kimoja na tundu hatagundua kitu alfajiri. Toka uani, vuta hewa ya nje dakika tano, ndipo urudi. Nusa kisogo, kisha chini ya bawa, kisha mdomo. Kwa mdomo, usimpanue kwa nguvu. Ngoja apige miayo au aseme lake, pua yako ikiwa mbali kiasi cha shibiri. Sinia ya chini ya tundu usiisogezee uso, na sababu nitaieleza. Andika neno moja katika daftari: vumbi, chachu, vumba, ukungu. Wiki moja kila siku inatosha kuijua harufu ya ndege wako; baadaye mara mbili au tatu kwa wiki.

Yapo mabadiliko yasiyo na ubaya. Manyoya yakilowa harufu hupanda, kama vumbi lililonyeshewa, na huondoka akikauka. Wakati wa kupukutisha manyoya unga huongezeka. Jike anayelalia mayai hujizuia kwa saa nyingi, kisha hutoa kinyesi kikubwa chenye uvundo wa kukimbiza watu. Hilo ni la kawaida kwake, lisikutie hofu.

Kosa la kwanza la wengi ni kumlaumu ndege kwa makosa ya tundu. Kabla ya yote mhamishe: mtie katika tundu jingine safi, penye hewa na kivuli, kwa nusu saa, kisha nusa ndege peke yake na tundu peke yake. Mara nyingi mwenye hatia ni kijiti cha kutulia kilichofyonza kinyesi, uchafu ulionasa chini ya sinia, au bakuli la maji. Pitisha kidole ndani ya bakuli. Kikiteleza, hapo pana utelezi wa bakteria hata kama maji yanaonekana meupe. Matone ya vitamini yanayotiwa katika maji huzidisha hali hiyo kwa joto letu hili: kufika adhuhuri maji yameshaanza kuchacha. Badilisha maji mara mbili kwa siku, na bakuli lisuguliwe, si kusuuzwa tu.

Tundu lioshwe kwanza kwa sabuni na maji ya moto, kwa sababu jiki haifanyi kazi juu ya uchafu. Kisha pima vijiko viwili vya chakula vya jiki katika lita moja ya maji, paka, acha dakika kumi, suuza mpaka harufu iishe, anika juani. Ndege awe chumba kingine muda wote huo. Jiki isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya usafi. Gesi inayotoka humdhuru mtu, seuze kiumbe wa gramu mia nne. Chini ya tundu weka karatasi tupu au gazeti (hili hili, Mhariri, likishasomwa), ulibadilishe kila siku. Unga wa mbao hapana. Katika ufukuto wa masika, Machi hadi Mei, unga wa mbao ukilowa huota ukungu ndani ya siku chache, na vimbegu vya ukungu huo vikiingia katika mapafu ya kasuku, hasa wa kijivu, huleta maradhi ya kifua ambayo tiba yake ni ya miezi.

Sasa mdomo, maana hapo ndipo penye mengi. Pumzi ya kasuku haitakiwi kuwa na harufu ya kitu chochote zaidi ya alichokula. Ikiwa chachu, kama unga wa mkate uliolala, shuku gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Chakula kikikaa humo bila kushuka, hamira ya mwilini huzaana na kukichachusha. Kwa kinda anayelishwa kwa mkono hutokea uji ukiwa wa baridi au mwepesi mno, au akiongezwa kabla gole halijamaliza cha mwanzo. Uji uwe baina ya nyuzi 39 na 41 za Selsiasi, upimwe kwa kipimajoto na si kwa kidole, kwa sababu ukizidi 43 huunguza gole. Asubuhi gole la kinda liwe tupu. Likiwa bado limejaa na laini kama mfuko wa maji, usiongeze chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kwa mkubwa, chachu huja zaidi baada ya dawa za kuua bakteria kutumika ovyo, na utamwona akitikisa kichwa na kurusha matapishi yanayonata juu ya manyoya ya usoni.

Uvundo kama wa jino bovu ni jambo jingine. Akipiga miayo, mulika kwa tochi juu ya kaakaa. Kwa kasuku mwenye siha utaona mwanya katikati, na kandokando yake vijisinga vyembamba vilivyochongoka kama meno ya kitana. Ndege aliyelishwa mbegu za alizeti na mtama tu kwa miaka hupungukiwa vitamini A. Vijisinga hivyo huvimba, huwa butu, kisha hutoweka, na utando wa mdomo ukishaharibika, bakteria hupata njia. Huota vivimbe vyeupe vyenye usaha mkavu chini ya ulimi au kwenye kaakaa. Usivikwangue kwa kucha, hutoka damu nyingi. Daktari atavisafisha; kazi yako ni chakula: boga, karoti, kiazi kitamu cha njano, papai, majani ya mlonge, na pilipili nyekundu mbivu, ambayo kasuku huila bila kusikia ukali wowote. Parachichi asipewe hata kipande, ni sumu kwake. Matunda na vyakula laini viondolewe tunduni baada ya saa mbili. Embe la asubuhi likikutwa alasiri limeshaanza kuwa pombe.

Mbegu nazo zinuswe. Karanga yenye harufu ya ukungu ina hatari ya sumukuvu, na kuikaanga hakuiondoi sumu hiyo. Nunua mbegu za wiki mbili tu, zikae katika kopo kavu lenye kifuniko.

Kinyesi cha kasuku kina sehemu tatu: utepe wa kijani au kahawia, chokaa nyeupe, na maji kidogo. Kikiwa kibichi hakina harufu ya kusema. Kikitoa vumba au harufu ya yai viza, na wala si jike anayelalia, matumbo yana maambukizo. Tazama pia manyoya ya nyuma kama yamegandamana. Chokaa ikigeuka kijani au manjano usingoje harufu. Hiyo ni dalili ya ini.

Na harufu ikipungua? Hapo wengi hufurahi, na sivyo. Kasuku wa kijivu aliyepoteza unga wake huonekana msafi mno, na mdomo wake, ambao kwa kawaida umepauka, hung'aa mweusi kama uliopakwa mafuta. Hali hiyo huonekana katika maradhi ya virusi vya manyoya na mdomo, yanayoambukiza ndege wengine. Mtenge kwanza, ndipo uulize.

Narudi kwenye udi. Kasuku ana mapafu na, juu yake, mifuko ya hewa tisa. Hewa hupita katika mapafu yake kwa mkondo mmoja, na hufyonza kilichomo kwa ukamilifu kuliko sisi. Moshi ambao kwako ni starehe, kwake ni mzigo. Udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma na jiko la makaa vyote viwe mbali naye, mlango umefungwa, na tundu lisikae upande pepo zinakopelekea moshi. Kumbuka kwamba mahali palipofaa wakati wa kaskazi huenda pasifae kusi likianza. Makaa yana gesi isiyo na harufu kabisa, kwa hiyo hapo pua haisaidii. Kikaango kisichoshika chakula kikisahauliwa juu ya moto mkali hutoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache. Wa Pemba wanaoanika karafuu karibu na nyumba wajue kuwa msimu huo pua zao hazina la kusema. Wategemee mizani na karatasi ya tundu.

Mizani ya jikoni ya kidijitali, inayopima gramu moja moja, si ghali. Mpime asubuhi baada ya kinyesi cha kwanza, mara moja kwa wiki. Mwenye gramu 450 akipungua 45, yaani asilimia kumi, huyo ni mgonjwa hata kama anaimba. Kasuku huficha ugonjwa mpaka ashindwe.

Kumkosha ni kwa maji vuguvugu matupu ya kunyunyiza, mara mbili au tatu kwa wiki, asubuhi, ili akauke kabla ya magharibi. Sabuni huondoa mafuta yake. Mafuta ya nazi, ambayo wapo wanaompaka ili ang'are, huyagandisha manyoya yasiweze kushika joto.

Sababu ya kutosogeza uso kwenye sinia ni homa ya kasuku. Bakteria wake hukaa katika kinyesi kikavu, na vumbi lake likivutwa na mtu huleta homa, maumivu ya kichwa na kikohozi kikavu. Haina harufu yake maalumu, basi usijione salama kwa kuwa hapanuki. Nyunyiza maji kabla ya kukunja karatasi, vaa barakoa, na ukiugua mwambie daktari kuwa unafuga ndege.

Vidonge vya rangi mbili vya dukani, zile dawa za kuua bakteria, msimpe. Kipimo chake ni cha mtu, na vikiua bakteria wazuri wa tumboni hamira hushika nafasi, ile chachu ya mdomo ikarudi maradufu.

Harufu ngeni ikiendelea saa ishirini na nne baada ya tundu kuoshwa na chakula kubadilishwa, mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Akipumua mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, au akikaa chini ya tundu amejitutumua manyoya, msingoje hata saa moja. Chukueni karatasi ya asubuhi hiyo ikiwa na kinyesi kibichi, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na daftari la harufu na uzito. Tundu lifunikwe kwa kanga nyepesi njiani, na asubuhi hiyo mtu asijipulizie chochote.

Mfugaji wa ndege,
Unguja Mjini.